"Mimi mzima tu"

Ukikutana na mtu asubuhi pale Kilwa Masoko, kabla hajakueleza lolote mtaulizana habari. Habari za asubuhi? Nzuri. Za nyumbani? Nzuri. Za watoto? Nzuri. Za kazi? Nzuri, tunashukuru. Hata kama mtoto alikuwa na homa usiku kucha, jibu la kwanza ni "nzuri". Ndivyo tulivyolelewa huku pwani, toka Somanga hadi Lindi, na wala si uongo. Mwenye habari mbaya atazitoa baadaye, baada ya neno moja dogo: "ila". Nzuri, ila mtoto hakulala.

Wapenzi wasomaji, mwezi huu ukurasa wa afya unataka kulizungumzia hilo "ila". Wapo akina mama wengi wanaofanya kazi shuleni, zahanati, ofisini, sokoni na baharini ambao wakiwa kazini huishia kwenye "nzuri". "Ila" haifiki. Wakiulizwa mbona macho mekundu, hujibu: mimi mzima tu. Siku moja mwili huamua kusema wenyewe, na huwa umechelewa.

Uso wa kazini

Mfikirie mama lishe wa Nangurukuru, pale barabara ya Kilwa Masoko inapoachana na ile iendayo Lindi. Ameamka alfajiri kuwasha moto. Basi likisimama, abiria wana haraka, dereva ana njaa, na utingo anataka chai ya bure. Akiwakunjia uso watakwenda kwa jirani yake. Basi anacheka. Kiuno kinamwuma tangu juzi, lakini anacheka. Mwalimu naye hawezi kulia mbele ya darasa. Muuguzi hawezi kumwambia mgonjwa kwamba na yeye anasikia kizunguzungu. Mwanamke anayechokoa pweza wakati wa bamvua hataki wenzake waseme amezeeka, hivyo atazunguka juu ya miamba mpaka maji yaanze kujaa, huku magoti yakimlilia.

Kila kazi ina uso wake, na uso huo ni chombo cha kazi kama jembe lilivyo kwa mkulima. Hatusemi ni mbaya. Mgonjwa anahitaji muuguzi mtulivu, na mtoto anahitaji mwalimu asiyemmwagia matatizo ya nyumbani kwake. Hata kanga tunayovaa kwenda nayo kazini tunaichagua kwa maneno yake, maana tunajua watasoma, na watajua tumemkusudia nani.

Lakini chombo hiki kina gharama. Mwaka 1983 mama mmoja mtaalamu wa Marekani, Arlie Hochschild, alichapisha kitabu juu ya wahudumu wa ndege. Alieleza kwamba kumchekea abiria, hata yule mwenye matusi, ni kazi kamili, kazi ya moyo, ambayo mwajiri anainunua pamoja na ile ya mikono. Tena alionya kwamba aifanyaye kwa muda mrefu anaweza kufika mahali asijue tena yeye mwenyewe anasikia nini. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza rasmi hali ya kuishiwa nguvu kwa sababu ya kazi. Haikuitwa ugonjwa, bali hali itokanayo na mizigo ya kazini ya muda mrefu isiyopata nafuu. Dalili zake ni tatu: uchovu usiokwisha, kuichukia kazi au kuwa mbali nayo kwa moyo, na kuona kwamba unachofanya hakifai kitu.

Mhudumu wa ndege angalau akishuka anakwenda kulala. Mama wa Kilwa akitoka kazini anaingia jikoni.

Mimba inayofichwa

Hapa tukae kidogo, maana ndipo penye hatari kubwa.

Huku kwetu mimba changa haitangazwi. Husuda ipo, macho ya watu yapo, na ikiharibika maneno yatakuwa mengi. Kwa mtumishi au kibarua huongezeka hofu nyingine: bosi atasema nini? Mkataba utaongezwa? Nafasi ya kwenda mafunzoni atapewa mwingine? Basi kanga inafungwa juu kidogo, gauni linakuwa pana, na kichefuchefu kinasingiziwa samaki wa jana.

Stara hiyo tunaielewa. Tatizo ni kwamba aifichaye mimba kazini huishia kuificha na kliniki pia, kwa sababu kwenda kliniki ni kuomba ruhusa, na kuomba ruhusa ni kusema. Anangoja mpaka tumbo lijiseme lenyewe. Hapo miezi mitano imepita.

Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri mama mjamzito aonane na wahudumu wa afya si chini ya mara 8, na mara ya kwanza iwe kabla ya kutimiza wiki 12. Siku hiyo ya kwanza hupimwa presha, uzito, wingi wa damu, virusi vya UKIMWI na kaswende. Hupewa vidonge vya kuongeza damu. Baadaye, kuanzia mwezi wa nne, hupewa vidonge vya SP vya kukinga malaria, na huendelea kupewa kwa kupishana angalau mwezi mmoja mpaka karibu na kujifungua. Mama mwenye virusi vya UKIMWI hatumii SP; ana dawa yake nyingine ya kinga, na mhudumu atamweleza. Pwani yetu ina mbu wengi. Malaria ya mjamzito ina ujanja: wadudu wake hujificha kwenye kondo la nyuma, mama asisikie homa kali, kumbe damu inapungua na mtoto tumboni hakui vizuri. Kwa hiyo hata yule asemaye kwa moyo mweupe "mimi mzima tu", huenda si mzima.

Lingine ni presha ya mimba, ambayo kwa kawaida huanza baada ya wiki ya 20. Mwanzoni haiumi. Ikipanda sana huja na kichwa kikali kisichosikia dawa, kuona ukungu au vimulimuli, kuvimba uso na mikono, na maumivu ya juu ya tumbo chini ya mbavu. Dalili hizi si za kumalizia kwanza kusahihisha madaftari. Si za kungoja zamu iishe. Ni za kwenda kituo cha afya saa ile ile, hata ukiwa na aproni ya kazi, kwa sababu kinachofuata ni kifafa cha mimba, ambacho huua mama na mtoto. Vivyo hivyo ukitokwa na damu, ukipata homa, maji yakitoka kabla ya wakati, au mtoto akipunguza kucheza.

Je, ni lazima utangaze? Hapana. Si lazima ofisi nzima ijue. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema mfanyakazi ampe mwajiri taarifa ya likizo ya uzazi angalau miezi 3 kabla ya tarehe anayotazamiwa kujifungua, pamoja na cheti cha daktari. Hesabu mwenyewe: barua inatakiwa kufika mimba ikiwa na miezi 6 hivi. Kliniki inatakiwa kujua kabla ya miezi 3. Siri ya mama na stara yake vina nafasi hapo katikati, mradi asiwachanganye hawa wawili. Daktari si bosi.

Sheria hiyo hiyo inampa mama siku 84 za likizo yenye malipo, na 100 kama amejifungua watoto zaidi ya mmoja kwa pamoja. Inakataza kumfanyisha mjamzito kazi ya usiku katika miezi 2 ya mwisho, na usiku kwa sheria hiyo ni kuanzia saa mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi. Ujauzito si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi. Aliyeachishwa kwa sababu hiyo apeleke malalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, asikae nyumbani akilia mpaka siku zipite.

Kosa linalofichwa

Muuguzi yuko zamu ya usiku, yuko peke yake, amechoka. Anamtoa mgonjwa damu, sindano inamchoma kidole. Anaangalia huku na huku. Hakuna aliyeona. Anajifuta, anavaa glavu nyingine, anaendelea. Akisema, wataona ni mzembe. Tena wataambiwa apime, na majibu je? Basi ananyamaza.

Ndugu yetu, osha hapo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka. Usiminye, usipake spiriti. Kisha mwambie msimamizi wa zamu. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI zipo. Zinafaa zaidi zikianzwa katika saa za kwanza, na baada ya saa 72 haziwezi kusaidia tena. Humezwa siku 28. Hata mfagiaji aliyechomwa na sindano iliyotupwa ovyo ana haki ya dawa hizo. Tunamtaja kwa makusudi, kwa sababu yeye ndiye wa mwisho kuthubutu kusema.

Maziwa yanayovuja

Mama akianza likizo yake wiki 4 kabla ya kujifungua, kama sheria inavyoruhusu, basi atakaporudi kazini mtoto ana miezi 2 tu. Na mtoto anatakiwa anyonye maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6. Mama anasimama mbele ya watu saa nne asubuhi, anasikia mtoto wa mtu mwingine akilia nje, na maziwa yanashuka. Gauni linalowa. Kila mama aliyewahi kunyonyesha huku akifanya kazi anajua aibu ile, na ile kanga iliyokunjwa ndani ya nguo.

Wengi huacha kunyonyesha kwa ajili hiyo. Si lazima. Mwajiri anatakiwa kumruhusu mama anyonyeshe kwa muda usiozidi saa 2 kwa siku, ndani ya saa za kazi. Anayekaa karibu na nyumbani aende, au mtoto aletwe. Aliye mbali akamue. Nawa mikono kwa sabuni, kamua kwa mkono kwenye chombo safi chenye mfuniko kilichochemshwa. Maziwa hukaa saa 4 mahali penye joto lisilozidi nyuzi 25. Lakini Lindi adhuhuri huzidi hapo, kwa hiyo yawekwe kivulini, chombo kikisimama ndani ya bakuli la maji baridi, na mtoto apewe mapema iwezekanavyo. Penye jokofu hukaa hata siku 4. Apewe kwa kikombe kidogo, si kwa chupa yenye chuchu, maana chupa ni ngumu kusafisha na huleta kuharisha. Mama asiyenyonyesha wala kukamua mchana kutwa titi hujaa, huwa gumu, hupata homa, na linaweza kufanya jipu.

Kukamua kunahitaji chumba chenye mlango na mtu wa kukaa mlangoni. Mtu huyo ndiye tunayetaka kumzungumzia sasa. Lakini kwanza neno moja kwa wakubwa wetu. Wapo akina mama wazee wa kazi wasemao, "Sisi tulijifungua na baada ya siku chache tukarudi, hatukudekezwa." Mama, tunakuheshimu, na tunajua ulivumilia. Lakini uvumilivu wako ulikugharimu, hata kama hukumwambia mtu. Usimdai binti yako alipe bei ile ile.

Somo wa kazini

Msichana wa Kimwera, Kimachinga au Kimatumbi aliyechezwa unyago hakuachwa peke yake. Alipewa mtu: somo wake, kungwi wake. Alifundishwa kwamba ya nyumbani hayatoki nje. Watu hukumbuka fundisho hilo na kusahau la pili, kwamba ukizidiwa, kwa somo unaingia, na unasema yote. Siri ilikuwa na mlango mmoja. Wazee hawakumtaka mwanamke awe gunia lililoshonwa mdomo. Ndio hao hao waliosema mficha uchi hazai.

Kazini tumechukua nusu ya kwanza ya fundisho hilo na kuacha nusu ya pili. Siri ipo, mlango haupo. Basi kila mama anayefanya kazi ajitafutie somo wa kazini, mtu mmoja tu wa kumwambia "ila". Asiwe yule anayekuletea habari za wengine, maana atapeleka na zako. Si lazima awe wa rika lako au wa cheo chako. Mwalimu mkuu msaidizi anaweza kumpata kwa mama mpishi wa shule. Wala si lazima awe wa dini yako. Huku Kilwa wengi wa wenzetu kazini ni Waislamu, tunauguzana na kuzikana, na mara nyingi Bi mkubwa wa ofisi ya pili ndiye ajuaye kunyamaza kuliko jumuiya yetu yote.

Naye afanye nini? Asikilize, kwanza. Asianze na "mimi pia". Akushike mkono kwenda kliniki. Akushikie darasa au meza kwa saa mbili. Kama hulali kwa wiki mbili, huli, unalia bila sababu, au unawaza kwamba afadhali usingekuwapo, asikuachie hilo uende nalo nyumbani. Akupeleke kwa daktari. Huo nao ni ugonjwa wenye tiba.

Wasio na mwajiri wana njia yao, na pengine wametutangulia. Wakulima wa mwani, wauza samaki na mama lishe huwa na upatu, na siku hizi VICOBA. Mpango huu wa kuweka na kukopa kwa vikundi ulianzia Niger mwaka 1991, ukafika kwetu, na akina mama wa pwani wakaufanya wao. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo hukaa kwa watu watatu tofauti. Watu hutazama hisa na mikopo, lakini kwa macho ya afya lililo kubwa ni ule mfuko wa jamii, ile fedha ndogo ya kila wiki kwa ajili ya ugonjwa, uzazi na msiba. Mwanakikundi akijifungua haombi, analetewa. Anayeshinda ndani ya maji ya chumvi akifunga mwani, mgongo umeinama, anaweza kukosa bamvua moja kwa ajili ya kliniki bila watoto kulala njaa. Kama kikundi chenu hakina mfuko huo, uzungumzeni mkutano ujao. Na kama kikao chenu kimegeuka mahali pa kupigana vijembe vya kanga, hilo nalo lizungumzwe, maana mama aliyesemwa hatarudi hata akiwa anaumwa.

Tabasamu la kulazimishwa

Kuna uso mmoja ambao hatutaki mtu aendelee kuuvaa. Ni ule wa binti anayemchekea mkubwa wake wa kazi kwa kuogopa, huku anamshika asipotaka, au anamwambia cheo kina bei yake. Hiyo si tabia ya wanaume tu, kama wengine wanavyosema. Bughudha ya kijinsia ni kosa tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, na kudai ngono kwa kutumia cheo ni rushwa kwa sheria ya mwaka 2007. Andika tarehe, mahali na maneno yenyewe. Ujumbe wa simu usiufute. Mwambie somo wako siku hiyo hiyo, ili awepo wa kusema kwamba alijua. Simu ya TAKUKURU ni 113, haina malipo, na polisi wana dawati la jinsia na watoto.

Akina baba

Mke akifika nyumbani amenuna, huenda si kwako amenuna. Huenda amevua tu ule uso aliouvaa tangu asubuhi. Ukimwuliza habari za kazi atajibu nzuri. Kaa, chukua mtoto, acha maji ya chai yachemke.

Mfanyakazi mwanaume naye anazo siku zisizopungua 3 za likizo yenye malipo, azichukue ndani ya siku 7 baada ya mtoto kuzaliwa. Kabla ya hapo mpange pamoja: kadi ya kliniki inakaa wapi, nani atatoa damu ikihitajika, usafiri ni upi. Aliyeko Songo Songo apange chombo mapema, maana kusi likivuma bahari haiangalii tarehe ya daktari. Na namba ya simu ya baba iandikwe kwenye karatasi, apewe somo wa kazini.